Macho ya mtoto yakiwasha kila kiangazi, soma chupa kabla ya kudondosha tone

Mvua za masika zikishakatika Karagwe na Kyerwa, shughuli hubadilika. Kahawa huanikwa, maharage hupigwa, na kila bodaboda inayoingia vijijini huacha wingu la vumbi nyuma yake. Kuanzia Juni hadi Agosti, pale njiapanda ya Omurushaka, watazame watoto wanaotoka shule. Hutakosa wachache wanaotembea huku wakifikicha macho, kwa kiganja, kwa ngumi, hata kwa kola ya shati. Usiku baadhi yao huamka wakilalamika kwamba macho yanawasha.

Mzazi hufanya analolijua. Mmoja husema ni vumbi tu, yataisha yenyewe. Mwingine hukamua majani ambayo bibi aliyatumia zamani. Wa tatu huenda duka la dawa, hununua kichupa cha matone, hudondosha, na siku chache baadaye mtoto anaamka macho yametulia, anacheka. Kuanzia siku hiyo kichupa hicho kinakuwa mali ya nyumba. Kikiisha, kinanunuliwa kingine. Hakuna tena anayekumbuka kwenda kwa mtaalamu.

Wiki hii nataka tuzungumze zaidi na huyu mzazi wa tatu, kwa sababu yeye anaamini tatizo ameshalimaliza. Inawezekana kabisa kwamba kichupa chake kinatuliza macho na papo hapo kinayaharibu. Na upo utafiti uliofanywa karibu nasi, ng'ambo ya Mto Kagera nchini Rwanda, ulioonyesha kwamba ipo njia nyingine ya kumpa mtoto nafuu ileile.

Huu ni ugonjwa gani?

Tuanze kwa kutofautisha. Januari 2024 Wizara ya Afya ilitangaza mlipuko wa ugonjwa wa macho mekundu nchini. Ule ulikuwa wa kuambukizwa na virusi. Unaanza ghafla, unahama kutoka mtu hadi mtu ndani ya nyumba, na kwa wengi unaisha wenyewe baada ya siku kadhaa au wiki chache.

Huu tunaouzungumzia leo hauambukizi. Ni mzio, au kama wengi tunavyouita, aleji ya macho. Ziko aleji ndogo zinazopita kwa kunawa uso. Lakini ipo moja kali inayowapata zaidi watoto wa nchi zenye joto na vumbi, na wavulana huugua mara nyingi kuliko wasichana. Kwa kawaida huanza kabla mtoto hajafikisha miaka 10.

Dalili zake ni hizi. Macho yote mawili yanawasha sana. Mtoto anakwepa mwanga wa jua, anakunja uso akitoka nje. Machozi yanamtoka. Asubuhi ana tongotongo nyeupe, nzito, zinazovutika kama uzi. Sehemu nyeupe ya jicho inageuka nyekundu, na kwa watoto wetu weusi mara nyingi inapata rangi ya kahawia kuzunguka mboni. Ukigeuza kope la juu, mtaalamu ataona vinundu vilivyojipanga kama mawe ya barabarani. Mwaka huu unapungua, mwaka ujao unarudi.

Ile rangi ya kahawia huwatisha wazazi. Wengine hudhani ni ini. Kijana aliyefika darasa la 6 au la 7 anaweza hata kushukiwa kuwa anavuta bangi, kumbe ni mgonjwa wa macho. Mzazi, kabla ya kumgombeza, mpeleke akapimwe.

Sasa lishike jambo moja, maana ndilo msingi wa mazungumzo yetu yote. Kwa watoto wengi aleji hii hufifia wakishabalehe. Ina mwisho. Kazi ya mzazi ni kumvusha mtoto miaka hiyo ya kati, labda 5, labda 8, akiwa bado anaona vizuri. Hivyo swali la kuuliza ni pana kuliko "nini kitaondoa kuwasha leo?" Uliza pia, "nini kitaondoa kuwasha leo na kumwachia macho yake atakapokuwa na miaka 20?"

Kile kichupa cha dukani

Matone mengi yanayotuliza macho kwa haraka yana dawa za kundi la steroidi. Dawa hizi huzima uvimbe na wekundu kwa nguvu. Daktari wa macho huzitumia, na kuna wakati ni lazima azitumie, kwa mfano ugonjwa unapokuwa mkali kiasi cha kutishia kioo cha mbele cha jicho, yaani konea. Lakini yeye huandika kwa siku maalumu, hupunguza hatua kwa hatua, na humwita mtoto arudi apimwe.

Shida huanza pale dawa ya wiki mbili inapogeuzwa kuwa dawa ya mwaka mzima.

Steroidi zikitumika muda mrefu zinaweza kupandisha shinikizo la ndani ya jicho. Si kwa kila mtoto, lakini huwezi kujua kwa kumtazama ni yupi atakayepandishiwa. Shinikizo likipanda huubana mshipa wa fahamu unaopeleka picha kwenye ubongo. Ugonjwa huo unaitwa glakoma, wengine huuita presha ya macho. Kwa kawaida hauumi. Hauleti wekundu. Huanza kumnyang'anya mtoto uwezo wa kuona vya pembeni, naye hasemi, kwa sababu cha mbele bado anakiona. Kuona kulikopotea kwa glakoma hakurudi, hata kwa upasuaji.

Steroidi hizohizo zinaweza kuleta mtoto wa jicho kabla ya wakati. Huyo anaweza kuondolewa kwa upasuaji, lakini upasuaji wa macho kwa mtoto si safari ndogo kwa familia ya Kyerwa. Tena zinapunguza ulinzi wa jicho, kiasi kwamba kidonda kidogo au vijidudu hupata nafasi ya kusambaa huku macho yakionekana yametulia.

Ndiyo maana nimesema huyu mzazi wa tatu yuko hatarini kuliko anavyojiona. Kipimo chake cha uponyaji ni wekundu kuondoka. Kumbe jicho linaweza kuwa jeupe kabisa na lisione.

Utazijuaje? Chukua kichupa, soma maandishi madogo yanayotaja dawa iliyomo, si jina kubwa la kibiashara. Tazama mwisho wa jina. Dexamethasone, Betamethasone, Hydrocortisone, Prednisolone: majina yanayoishia na -sone au -solone mara nyingi ni ya kundi hilo. Mara nyingine steroidi huchanganywa na dawa ya kuua bakteria, kama Neomycin au Gentamicin, katika kichupa kimoja, na mnunuzi akaambiwa ni "dawa ya macho" tu.

Ukiikuta, usiogope na usilaumu mtu. Lakini usiendelee kununua mwenyewe. Na kama ni dawa ambayo mtoto ameandikiwa na daktari, kwa macho au kwa ugonjwa mwingine, usiikatishe ghafla kwa sababu ya kusoma safu hii. Rudi kwa aliyeiandika, muulize ni ya siku ngapi na lini shinikizo la jicho litapimwa.

Walichokiona majirani zetu Rwanda

Kabgayi ni mji wenye hospitali katikati ya Rwanda, ulio maarufu kwa huduma za macho. Daktari wa macho kutoka Ubelgiji, Stefan De Smedt, alifanya kazi huko, na pamoja na wenzake wa Rwanda, Ubelgiji na Uingereza aliamua kuuchunguza ugonjwa huu badala ya kuugawia matone na kuusahau.

Kwanza walikwenda shuleni. Walikuta kwamba katika kila wanafunzi 100, wapatao 4 walikuwa nao. Fanya hesabu hiyo katika shule ya msingi yenye watoto 800, utapata watoto 32. Huo ni mfano wangu wa kukusaidia kuona ukubwa, si hesabu ya shule yoyote ya Karagwe. Lakini Rwanda na sisi tunatenganishwa na mto tu. Walikuta pia kwamba wenye ugonjwa huu walikosa masomo zaidi ya wenzao. Mtoto asiyeweza kutazama ubao uliopigwa na jua hawezi kujifunza.

Kisha walifanya jaribio la tiba. Walichukua wagonjwa zaidi ya 300 na kuwagawa kwa bahati nasibu katika makundi mawili. Kundi moja lilipewa matone ya deksamethasoni, ile steroidi tuliyoitaja. Kundi jingine lilipewa matone ya siklosporini, kwa nguvu ya asilimia 2, iliyoyeyushwa katika mafuta ya zeituni. Mgonjwa hakuambiwa anatumia ipi, na aliyempima hakujua pia, ili matarajio ya mtu yasiingie katika matokeo.

Baada ya wiki nne, nafuu ilikuwa sawa katika makundi yote mawili. Siklosporini ilituliza macho kama deksamethasoni, bila kuwa na ile hatari ya steroidi ya kupandisha shinikizo la jicho. Kasoro yake ilikuwa moja iliyo wazi: iliwachoma macho zaidi wakati wa kudondoshwa. Matokeo yalichapishwa mwaka 2012 katika jarida la Uingereza la madaktari wa macho.

Hebu tuyapime matokeo hayo kwa haki. Wiki nne ni muda mfupi kwa ugonjwa wa miaka. Na kwa mtoto, dawa inayochoma ni dawa anayoikimbia. Lakini swali lililokuwa likiwasumbua madaktari wengi, yaani kama mtoto wa Afrika ya Kati mwenye aleji kali anaweza kupata nafuu bila steroidi, lilipata jibu, na jibu lilikuwa ndiyo.

Dawa ya figo imefikaje jichoni?

Siklosporini ina historia inayofaa kuijua, kwa sababu inaeleza kwa nini bado ni vigumu kuipata.

Mwaka 1969 mfanyakazi wa kampuni ya dawa ya Sandoz ya Uswisi alichukua udongo kidogo kutoka uwanda wa juu wa Hardangervidda, Norwe. Ndani ya udongo huo mlikuwa na ukungu, aina ya kuvu, unaotengeneza kemikali ambayo haikuwa imejulikana. Mwaka 1972 maabara ya Sandoz mjini Basel iligundua kwamba kemikali hiyo inatuliza kinga ya mwili bila kuua chembe ovyo kama dawa nyingine za wakati ule.

Kutuliza kinga kuna faida gani? Mtu akipandikizwa figo ya mwingine, kinga yake huiona figo hiyo kama mvamizi na kuishambulia. Mwaka 1978 daktari Roy Calne wa Cambridge, Uingereza, alianza kuitumia siklosporini kwa wagonjwa waliopandikizwa viungo, na tiba hiyo ikabadilika duniani. Hapa kwetu, Hospitali ya Taifa Muhimbili ilifanya upandikizaji wa figo wa kwanza nchini Novemba 2017. Kila aliyepandikizwa figo lazima aendelee kumeza dawa za kutuliza kinga.

Aleji nayo ni kinga ya mwili iliyokosea. Vumbi au chavua, ambavyo kwa mtoto mwingine si kitu, kwa huyu vinapigiwa mbiu ya vita. Chembe za kinga zinazoitwa chembe T huitana, jicho linavimba na kuwasha. Siklosporini hukata mawasiliano hayo: chembe T zinashindwa kutoa ishara ya kuwaita wenzao.

Basi kwa nini usimpe mtoto kidonge? Kwa sababu dawa hii ikizunguka katika damu yote inaweza kuumiza figo na kupandisha shinikizo la damu, na mwili mzima unakuwa mwepesi kushambuliwa na maambukizi. Aliyepandikizwa figo anaikubali hatari hiyo, kwani bila dawa atapoteza figo. Mtoto mwenye aleji ya macho hana sababu ya kuibeba. Ikiwekwa jichoni kama tone, kinachoingia katika damu ni kidogo mno. Dawa ni ileile, njia imebadilika, na hatari imepungua.

Lakini kuifikisha jichoni kulikuwa na ugumu wake. Siklosporini haiyeyuki katika maji. Inapenda mafuta. Tangu majaribio ya mwanzo Cambridge, mtafiti kutoka Ugiriki, Alkis Kostakis, aliipatia panya kwa kuiyeyusha katika mafuta ya zeituni, na miaka mingi baadaye mafuta hayo ndiyo yaliyotumika Rwanda. Kwa jicho mafuta yana usumbufu: mtoto anaona ukungu kwa muda, na jicho linachoma.

Wanasayansi wakatafuta njia nyingine. Walitengeneza matone meupe kama maziwa, ambamo mafuta yamevunjwavunjwa kuwa chembe ndogo sana zinazoelea katika maji. Chembe hizo zimepewa chaji chanya, na uso wa jicho una chaji hasi, kwa hiyo zinavutana na dawa inakaa muda mrefu zaidi kabla machozi hayajaisafisha. Nguvu yake ni asilimia 0.1, moja ya ishirini ya ile ya Rwanda. Mwaka 2018 Ulaya iliidhinisha matone hayo, kwa jina la Verkazia, kwa watoto kuanzia miaka 4 wenye aina kali ya ugonjwa huu. Marekani iliidhinisha mwaka 2021.

Kwa mzazi wa Omurushaka, hii ina maana gani?

Ina maana tatu.

Ya kwanza, usitarajie kuikuta siklosporini ya macho katika duka la dawa muhimu la kijijini. Ni dawa ya kuandikiwa na daktari wa macho baada ya kupima. Haiwekwi jichoni palipo na maambukizi, na si kila mtoto anayewashwa anaihitaji. Wengi hutulia kwa matone ya kawaida ya aleji.

Ya pili, naomba uisome mara mbili: usijaribu kuitengeneza nyumbani. Vidonge vya wagonjwa wa figo havipasuliwi na kutiwa jichoni. Mafuta ya zeituni ya dukani hayatiwi jichoni. Yale ya Rwanda yaliandaliwa kitaalamu kwa ajili ya jicho, yakiwa safi bila vijidudu. Vivyo hivyo majani yaliyokamuliwa, maziwa ya mama na mkojo: vyote vinaweza kupeleka vijidudu moja kwa moja kwenye konea iliyokwisha kukwaruzwa kwa kufikichwa.

Ya tatu ndiyo kubwa. Sasa unajua kwamba lipo jambo la kumuuliza mtaalamu. Ukiambiwa "endelea na hayo matone", una haki ya kuuliza kwa heshima: "Daktari, matone haya ni steroidi? Atatumia siku ngapi? Shinikizo la jicho lake limepimwa? Kama ugonjwa unarudi kila mara, tunaweza kupata rufaa ya kwenda kwa daktari wa macho, ili aone kama anafaa kwa siklosporini?"

Maswali hayo yaandike kwenye simu yako kabla ya kwenda. Ukiwa Karagwe unaweza kuanzia Hospitali ya Nyakahanga. Piga simu au uulize kwanza siku ambayo mtaalamu wa macho yupo, usije ukapoteza nauli bure. Ikihitajika, rufaa itakupeleka Bukoba au Bugando, Mwanza. Nenda na kila kichupa alichowahi kutumia, hata kilicho tupu. Kichupa tupu humweleza daktari mengi.

Ya kufanya nyumbani

Kwanza, pigana na kufikicha. Kufikicha macho kwa miaka kunaweza kuikunja konea ichongoke kama koni, na kuona kukapotoka kwa namna ambayo miwani ya kawaida inashindwa kunyoosha. Kumwambia mtoto "acha" hakutoshi, maana kuwasha kunamzidi nguvu. Mpe kitu badala yake: kitambaa safi kilicholowekwa maji safi ya baridi, akiweke juu ya kope zilizofumbwa kwa dakika chache. Baridi hupunguza kuwasha.

Pili, anawe uso na mikono kwa maji safi akitoka shule na kabla ya kulala. Kofia yenye ukingo humsaidia dhidi ya jua na vumbi. Wakati wa kufagia uwanja au kupiga maharage, akae mbali, na uwanja unyunyiziwe maji kwanza.

Tatu, yapo matone ya aleji yasiyo na steroidi, kama kromoglikati ya sodiamu. Hayatulizi kwa siku moja. Yanafanya kazi yakitumika kila siku kama alivyoelekeza mtaalamu, hata siku ambayo macho hayawashi. Wazazi wengi huyaacha siku ya tatu wakisema "hayana nguvu", kisha hurudi kwenye kichupa cha steroidi. Subira hapa ni sehemu ya dawa.

Nne, dondosha vizuri. Nawa mikono. Mtoto alale chali au aangalie juu. Vuta kope la chini kidogo, dondosha tone moja ndani ya kile kimfuko, bila ncha ya chupa kugusa jicho wala kope. Afumbe macho taratibu, nawe ubonyeze kwa kidole kona ya ndani karibu na pua kwa dakika moja au mbili, ili dawa isitiririkie puani na kooni. Jicho haliwezi kubeba zaidi ya tone moja, la pili litamwagika shavuni tu. Kama ana aina mbili za matone, acha dakika 5 kati yake. Andika tarehe uliyofungua kichupa. Vingi havifai kutumika baada ya wiki nne tangu kufunguliwa. Na kila mtoto awe na chake, wasichangie.

Tano, mwambie mwalimu. Mtoto huyu hachezi darasani wala hakonyezi wenzake. Akae mbali na dirisha lenye jua kali, aruhusiwe kwenda kunawa uso, na asiitwe mvivu kwa kufumba macho.

Usisubiri hata kesho

Mpeleke mtoto siku hiyohiyo ukiona mojawapo ya haya: jicho linauma badala ya kuwasha, kuna doa jeupe juu ya sehemu nyeusi ya jicho, mtoto hawezi kabisa kufumbua jicho, jicho moja limezidi jingine ghafla, usaha wa njano au kijani, au anasema haoni vizuri. Na kama ametumia matone ya steroidi kwa zaidi ya wiki chache bila kupimwa, macho yake yakionekana mazuri namna gani, mpeleke akapimwe shinikizo. Kipimo hicho ni cha dakika chache.

Njia rahisi ya kupima kuona nyumbani: mzibe jicho moja, mwonyeshe vidole kutoka upande wa pili wa chumba, kisha badilisha jicho. Ukiona tofauti, usibishane naye. Kipimo hiki hakigundui glakoma inayoanza, kwa hiyo akijibu vizuri isiwe sababu ya kuahirisha hospitali.

Wengine watasema, "Sisi tulikua na macho yetu mekundu, mbona tunaona?" Ni kweli, wengi waliona. Kwa kuwa aleji yenyewe mara nyingi huondoka na utoto, wengi walivuka salama. Lakini wao hawakukulia karibu na duka linalouza steroidi kwa kila mwenye fedha mkononi. Mazingira ya mtoto wako ni tofauti, na tahadhari yako lazima iwe tofauti.

Leo jioni, basi, fungua lile kabati au kile kikapu cha dawa. Toa kila kichupa cha macho, kisogeze kwenye mwanga, usome maandishi madogo. Ukiona -sone au -solone na hukumbuki ni lini mtoto alipimwa mara ya mwisho, panga siku ya kwenda hospitali kabla wiki haijaisha. Mtumie pia mzazi mwenzako makala hii, hasa yule ambaye mtoto wake macho yamekuwa meupe ghafla baada ya miezi ya wekundu. Huyo ndiye anayeihitaji zaidi.